Mwalimu wa Karata wa Kehancha

Mbita
9 Machi 2025

Ndugu yangu Maroa,

Usishtuke kupata barua kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Simu yangu iliingia maji pale ufuoni nikianika dagaa wa omena, na fundi anasema imekufa kabisa. Simu ya kuazima nayo ina masikio ya mwenyewe, kwa hivyo nimemwomba Terry, yule mama anayeleta omena huko Migori kila wiki, anibebee karatasi hii hadi Kehancha. Ukijibu, mpe yeye mkononi. Usipitie kwa mume wangu. Chrispine ana mambo mengi siku hizi na sitaki asumbuliwe.

Ng'ombe wangu wako aje? Ile nyekundu ya pembe iliyopinda, ilizaa? Na yule mweupe aliyekuwa akichechemea? Najua utasema si wangu tena, ni wa kumwolea Mellen. Ni kweli, baba aliliweka wazi kabla hajafa: ng'ombe aliotoa Chrispine ndio watakaokuletea mke, ndivyo tulivyozaliwa sisi wawili, dada aolewe ndipo ndugu aoe. Lakini mpaka siku utakapowaswaga hadi kwa kina Mellen nitawaita wangu, na wewe utavumilia. Halafu unangoja nini? Msichana wa watu atazeeka akikushonea mashati.

Mimi niko. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda ufuoni, nikifika ufuoni nimesahau nilichoendea. Mama mkwe ananitazama tu. Upepo nao umekazana, mitumbwi mingi haitoki, na Chrispine yuko nyumbani kuliko ilivyo kawaida. Beverly ameota meno mawili na anauma kila kitu.

Nijibu kuhusu ng'ombe. Usiniulize kwa nini nauliza.

Dada yako,
Robi


Kehancha
14 Machi 2025

Dada Robi,

Barua yako imefika ikinuka omena mpaka paka wa hoteli akanifuata hadi steji ya pikipiki. Asante. Pole kwa simu.

Ng'ombe wako salama, wananona kama wanasiasa. Nyekundu imezaa jike. Mweupe amepona. Sasa tulia.

Ngoja nikupe habari kubwa. Nimegundua nina kipaji, na usicheke. Kuna mchezo wa karata unaitwa poka, unachezwa kwa simu. Kila mtu anapewa karata mbili anazoziona peke yake, halafu tano zinalazwa katikati za watu wote. Mwenye mpangilio mzuri anabeba dau. Lakini hapa ndipo ndugu yako anapoingia: si lazima karata zako ziwe nzuri! Unaweza kuwa umeshika takataka, ukaweka dau zito bila kupepesa jicho, wenzako wakaogopa wakatupa zao. Sasa niambie, hiyo si kazi yangu ya kila siku? Mimi ni broka wa ng'ombe, Robi. Nimewahi kumuuzia mtu fahali mwenye kikohozi na akaninunulia soda kwa furaha.

Nilianza na hela za mchezo, zile za bure, nikawamaliza wote. Wiki haijaisha nikaona hakuna la kujifunza tena. Jeremiah, yule mwalimu wa hesabu wa sekondari, akaniambia ati watu husoma vitabu vya mchezo huu kwa miaka, na wanaoanza ndio hujiona wajanja zaidi. Nikamwambia, wewe soma, mimi nile. Stejini watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na pikipiki yake.

Siku hizi nimefungua meza yangu mwenyewe, ya hela za kweli kidogo kidogo. Jina langu pale ni Broka. Ukiwa na namba ya siri unaingia. Dereva wa Terry aliipeleka namba hadi huko ziwani, sasa nina wateja wa Sindo, wa Homa Bay mjini, hata huko kwenu. Nao hawajui mimi ni nani na mimi siwajui, kila mtu ana jina la kubandika. Jioni nafundisha vijana, wananiita Mwalimu. Kuna mmoja wa ziwani anajiita Kiboko, ana picha ya kiboko kweli. Huyo namla kama ugali.

Kuhusu Mellen, mwambie yeyote atakayekuuliza kwamba Maroa hataki kwenda ukweni kama maskini. Nataka babake ahesabu ng'ombe mpaka achoke. Nipe muda.

Mimi pia siku hizi situlii. Kanisani juzi vidole vilikuwa vikiwasha, nikatoka wakati wa mahubiri kama mtu mwenye tumbo. Ni damu ya kazi tu.

Nduguyo,
Maroa


Mbita
23 Machi 2025

Maroa,

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe umesifiwa na watu wa steji, watu ambao wangemsifu hata mbuzi akipanda pikipiki. Ulijifunza kuogelea kwenye karai na sasa unaliangalia ziwa na kusema, hilo nalo ni nini. Kama mwalimu wa hesabu amekwambia kitu kuhusu mchezo wa hesabu, kwani wewe ni nani umcheke?

Sikukatazi. Najua nikikukataza utakazana. Wewe ni yule yule aliyepanda punda wa Omwenga akisema anajua farasi.

Hapa mambo hayajakaa sawa. Chrispine ametoa injini ya mtumbwi, anasema iko kwa fundi Homa Bay. Nilimuuliza fundi gani, akasema, "Chai kwanza." Akanywa chai yote, polepole, ndipo akanipa jina la fundi ambaye sijawahi kulisikia. Mama Phelesia alikuwa mlangoni akisikia, akavuta leso yake na kuondoka. Mama mkwe wangu huyo akiondoka hivyo, ujue anamjua mwanawe.

Sasa nataka unijibu jambo, na si langu, ni la jirani yangu hapa. Ameolewa kwa ng'ombe, kwao ni Kuria kama sisi. Ndoa imemshinda. Akiamka arudi kwao leo, wazee bado huuliza ng'ombe? Au siku hizi mtu hurudi tu? Wewe uko karibu na wazee, unakaa nao mnadani. Mwulize hata baba mdogo Bichage, lakini usimtaje mtu.

Na hao wangu, unawachungia wapi kiangazi hiki? Mvua imechelewa huku, sijui huko. Ungeniandikia vizuri, mmoja mmoja, ningekaa nikisoma nikahisi niko nyumbani.

Dada yako,
Robi


Kehancha
30 Machi 2025

Dada Robi,

Mwambie jirani yako pole. Sikuhitaji hata kumuuliza baba mdogo, hilo kila mtoto wa Kuria analijua. Mwanamke akirudi, mume anakuja kudai ng'ombe wake. Wakiwepo, wanarudishwa, wazee wanakunywa, mambo yanaisha na yeye anakaa kwao na heshima yake. Wasipokuwepo, atarudishwa kwa mumewe hata akilia damu, kwa sababu nani atalipa? Mwambie kabla hajafunga mzigo achungulie kwanza zizi la ndugu yake! Wengine siku hizi wameshauza wakanunua pikipiki, ha ha.

Wako wewe wako salama. Nyasi zimeisha hapa, nimewapeleka kwa rafiki yangu upande wa Ntimaru, kule kuna maji. Ndivyo hata baba alivyokuwa akifanya, ng'ombe wakikaa zizi moja wanaingia jicho la watu. Usiniulize mmoja mmoja, niko mbali nao.

Robi, hebu usikie nilivyomfanya Kiboko. Ungekuwa hapa ungepiga vigelegele. Ninamsoma mtu huyo kama ninavyomsoma mwenye ng'ombe mgonjwa. Kwanza, anaingia siku za upepo, siku mitumbwi haitoki, kwa hivyo nikajua ni mvuvi. Hewa ikitulia, haonekani. Pili, na hili ndilo lililonipa mali, akiwa na karata mbovu na anataka kututisha, anaandika pale chini pa kuandikia: "Chai kwanza." Anatoweka kidogo, tunamngoja, akirudi anasukuma zote katikati. Zote! Wengine wanakimbia. Mimi nikajiambia, mtu mwenye karata nzuri haendi kunywa chai, angekaa akizilinda. Juzi akaingia na mkwara, akaandika, "Leo nimekuja na hela ya injini nzima, nani mwanamume?" Akacheza, akapanda, akasema chai kwanza. Nikamngoja. Aliporudi akasukuma zote nikamfuata. Alikuwa hana kitu, Robi! Hata jozi hakuwa nayo! Nikalala na injini ya mtu.

Vijana walinibeba juu. Sasa hiyo meza imekuwa ndogo kwangu, ni kama kuuza kuku. Nimehamia meza kubwa za watu wa nje, wenye majina yasiyosomeka. Kule ndiko kuna pesa. Nimeanza kidogo vibaya, bahati tu, karata zilinikataa, lakini mchezo wao nimeshauelewa. Wanangoja sana, wanatupa karata, wanatupa, wanatupa, kama waoga. Mtu mwoga hawezi kunishinda mimi.

Mellen amenuna kwa sababu babake ameuliza tena. Atazoea.

Nduguyo Mwalimu,
Maroa


Mbita
6 Aprili 2025

Maroa,

Keti chini usome.

Simu yangu haikuingia maji. Chrispine aliichukua. Yake aliiweka rehani kwa mtu, akachukua yangu, na tangu hapo anaishi nayo kama mke wa pili. Nilikuwa nimeona haya kukuandikia hivyo. Mwanamke hapeleki taka za nyumba yake kwa ndugu yake wiki ya kwanza, hujaribu kufagia mwenyewe kwanza.

Kiboko ni shemeji yako.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye nyavu za omena, mpaka Terry akaniuliza kama kuna msiba. Siku za upepo. Injini. Na chai. Miaka yote niliyokaa na mtu huyu hajawahi kuniambia uongo kabla ya kunywa chai, na wewe, mtu wa Kehancha, umeliona hilo kupitia kioo cha simu ukajisifu, halafu hukujiuliza hata kidogo: ni mvuvi gani wa Mbita amepoteza injini wiki hii? Nilikuandikia mimi mwenyewe! Karatasi ilikuwa mkononi mwako!

Injini uliyolala nayo ni ya mtoto wangu, Maroa. Ndiyo iliyokuwa ikimnunulia Beverly maziwa.

Sikulaumu yote. Angeipoteza kwa mwingine kama si kwako. Alianza kama wewe, na hela za bure, akashinda, akaniambia nimeolewa na fundi wa akili. Sasa haendi ziwani hata hewa ikitulia. Juzi amekuja na mtu kuangalia nyavu zangu za kuanikia, wanazipima kwa macho. Nilisimama mbele yao na mwiko mkononi nikamwambia aguse aone. Wakaondoka, lakini watarudi.

Jirani niliyekuuliza habari zake hayupo. Ni mimi. Nimechoka na narudi nyumbani, na Beverly mgongoni. Nilipomwambia Chrispine nitaondoka nilidhani atanisihi. Alinitazama kwa uso mtamu, uso wa mtu aliyekumbuka ameficha hela mahali, akasema, "Ukitaka kwenda, nenda. Nirudishiwe tu ng'ombe wangu." Unaelewa? Anawataka awapeleke mezani. Basi na apewe, awapoteze, mradi mimi niwe huru. Wakirudishwa wote mbele ya wazee, hana neno nami tena.

Kwa hivyo watoe kwa rafiki yako, warudi zizini kabla ya Pasaka. Najua nawaondoa kwa Mellen. Nitamwomba msamaha kwa magoti, na nitafanya kazi nawe mpaka wengine wapatikane. Ila kwa sasa hao ndio mlango wangu. Sina mwingine.

Niandikie haraka. Silali, sili, nasikia kila pikipiki inayopita.

Robi


Kehancha
10 Aprili 2025

Dada yangu,

Nimesoma. Nimekaa kwenye jiwe nyuma ya duka nikasoma tena. Mungu anisamehe. Ningejuaje, Robi? Mnadani mtu ana uso, ana miguu, ana mkono unaoushika chini ya koti mkipatana bei. Pale kuna picha ya kiboko tu. Ningemwona Chrispine ningemfukuza mezani na fimbo. Najua hii si ya kusema sasa, lakini kwa kweli nilimsoma vizuri, hata wewe umekubali.

Kuhusu ng'ombe, tusiharakishe. Kwanza njia ya kutoka Ntimaru ni mbovu, mvua imeanza. Pili, kuna maneno ya ugonjwa wa miguu na midomo, ng'ombe hawatembezwi ovyo. Tatu, huyo rafiki yangu amesafiri, amevuka upande wa Tanzania kwa mambo ya shamba. Mimi nasema usije Pasaka. Kaa kidogo. Mvumilie Chrispine, mfiche nyavu kwa Mama Phelesia. Nipe mwezi mmoja, au hata wiki chache.

Sikiliza, nina mpango. Huku meza kubwa nimepigwa, sikufichi, lakini nimeona kosa langu. Nilikuwa nawachezea kama watu wa kwetu. Jana nilipanda vizuri sana, nilikuwa juu, wote walikuwa wananiogopa, halafu karata ya mwisho kabisa ikageuka ikampa mtu mmoja asiyestahili. Mtu ambaye hakujua hata anachofanya! Ni wizi wa bahati. Ninahitaji mkao mmoja tu mzuri, Robi, mmoja, na kila kitu kitarudi mahali pake na zaidi, na wewe utarudi nyumbani na ng'ombe watabaki wa kumwolea Mellen, hakuna atakayelia.

Jeremiah amekuja kunishika bega ati niache. Nimemwambia aende akafundishe watoto.

Usimwambie baba mdogo Bichage lolote. Nakuomba. Tulia kwanza.

Maroa


Kehancha
13 Aprili 2025

Wifi Robi, kama bado nina haki ya kukuita hivyo,

Mimi ni Mellen, fundi wa nguo hapa sokoni Kehancha. Tulionana siku ya mazishi ya baba yenu, nilikuwa nimevaa leso ya kijani na ulinipa kiti chako. Namwona Terry akimpa Maroa barua zako, na leo nimemshika mkono nikamwomba anipelekee yangu kwako. Maroa hajui.

Baba yangu aliuliza tena habari za ng'ombe. Maroa akasema wako kwa rafiki Ntimaru. Nimeishiwa na majibu ya kumpa baba, kwa hivyo Alhamisi nilifunga cherehani nikapanda pikipiki nikaenda mwenyewe. Rafiki nilimkuta, hajasafiri popote. Alikuwa akifunga ua. Nilipomuuliza ng'ombe wa Maroa alicheka, akadhani namtania. Hajapewa hata ndama, wifi. Alinipa uji, nikakaa pale nimeushika mpaka ukapoa.

Nikarudi mnadani nikaanza kuuliza. Watu wananiheshimu, lakini walikuwa wakitazama chini. Wameuzwa, mmoja leo, mwingine juma lile, kila mara akisema ni wa mteja. Mweupe alikwenda mwanzoni mwa Machi, hata kabla ya ile injini anayoisimulia kila mtu. Ile nyekundu ya pembe iliyopinda nimeikuta mwenyewe Jumamosi, inaswagwa na kijana wa mchinjaji, na ndama wake nyuma anakimbia. Nilimwita Maroa. Hakutoka. Yuko nyuma ya duka la kuchajia simu, amekaa chini, macho mekundu, anaongea na karata.

Sikuja kukwambia mimi ndiye niliyeumia zaidi. Mimi bado niko kwetu, nitatia uzi kwenye sindano na maisha yataendelea. Lakini nimesikia kwa Terry kwamba umefunga mzigo, na nikaona haifai uje ukiamini kuna kitu zizini.

Zizi ni tupu. Mlango wake hata haufungwi.

Wako,
Mellen


Mbita
16 Aprili 2025

Maroa,

Mellen ameniandikia. Usimguse kwa neno. Yeye peke yake katika nyumba hiyo ameniambia ukweli, na hata hajaingia nyumba hiyo.

Nimelia, nikanyamaza, nikaosha sufuria, nikalia tena. Mama Phelesia alikuja akakaa nami jikoni. Hakuuliza. Aliniambia tu, "Nyathina, mwanangu, mimi nilikaa kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Usikae kwa sababu hiyo." Kisha akanisaidia kufunga nyavu. Anaondoka nazo hadi kwa dada yake kule Sindo, mwanawe asizione.

Sasa mimi na wewe.

Unajua ni nini kinachoniuma? Si kwamba uliuza. Njaa huuza, ugonjwa huuza. Ni kwamba umejisifu barua hizi zote kwamba unasoma watu. Mtu anakohoa unajua bei yake. Mimi nimekuandikia ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe, kila karatasi, dada yako wa tumbo moja, na hukujiuliza hata mara moja ana shida gani huyu. Ulikuwa umeshauza mweupe siku uliyoniandikia amepona. Ulikaa ukachagua neno hilo, amepona.

Na bado unaniambia mkao mmoja mzuri. Chrispine naye anasema hivyo, kwa maneno hayo hayo. Nikifunga macho sijui ni nani anayeongea. Ninyi wawili mlishinda mara chache mkiwa hamjui kitu, mkadhani ni akili. Wale wanaotupa karata, wanatupa, wanatupa, uliowaita waoga, ndio waliokuwa wakijua.

Siku ile ng'ombe walipoingia kwetu, nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba na akina mama. Baba aliwahesabu, akaja akanishika kichwa. Unamjua baba. Nami nilielewa. Mimi natoka, wao wanaingia, na maadamu wapo mimi nina mahali. Hawakuwa mali yako, Maroa, wala ya Chrispine. Walikuwa mimi. Umeniuza, mguu leo, mkono juma lile, na kila mara ukasema ni wa mteja.

Nakupenda na nimekukasirikia mpaka kalamu inatoboa karatasi, unaona mwenyewe.

Nakuja. Ijumaa Kuu nitakuwa kwenye gari la Terry, na Beverly. Nimeazima simu yake, nikampigia baba mdogo Bichage na kumwambia yote, kila kitu, mbele ya yeyote aliyetaka kusikia. Akasema wazee watakaa Jumamosi. Chrispine ameitwa na atakuja kudai, amenyoa ndevu kabisa. Hajui Broka ni nani. Atamwona.

Usikimbie. Mpaka wa Tanzania uko karibu na najua umeufikiria. Ukivuka nitakuwa nimepoteza ng'ombe na ndugu, na mimi ndugu nilikuwa na mmoja. Kaa hapo. Oga. Vaa shati la Mellen. Ukiulizwa ng'ombe wako wapi usitaje bahati wala karata ya mwisho, sema nimeuza. Baba mdogo ana shamba na ng'ombe wa watu wa kuchunga, na ameshasema ni nani atakayewachunga mpaka deni hili liishe. Simu utamwachia yeye.

Najua desturi. Mwanamke hukaa uani akingoja kuambiwa wazee wameamua nini, na bila ng'ombe wataamua nirudi Mbita. Sitakaa uani. Nitaingia nikae katikati yao na mtoto mapajani, na nitasema kabla yenu nyote. Naogopa, Maroa. Lakini nitasema. Na wakiniuliza nimerudi kwa ng'ombe gani, nitawaambia sikurudi kwa ng'ombe. Nimerudi kwa miguu yangu, na miguu hii hakuna aliyeitolea ng'ombe wala wa kuidai.

Robi